Kiyoyozi cha jengo la biashara: bei ya dukani ni sehemu ndogo ya gharama

Na Mwandishi Wetu

MTU anayepita nyuma ya majengo ya ofisi katikati ya Dar es Salaam mchana wa Februari hulazimika kutazama juu na chini kwa wakati mmoja. Chini kuna madimbwi madogo ya maji yasiyotokana na mvua. Juu kuna mashine nyeupe zilizofungwa ukutani kwa makumi, kila moja ikipuliza hewa ya moto na kudondosha maji kupitia kipande cha mpira kilichokatwa kifupi.

Ukuta wa namna hiyo ni ushahidi kwamba hakuna aliyekaa chini akaamua. Jengo lilikamilika, wapangaji wakaingia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaja na fundi wake na kiyoyozi chake. Baada ya miaka michache jengo lina mashine mia moja za kampuni tofauti, zinazotumia gesi tofauti, na hakuna anayejua kwa jumla zinakula umeme kiasi gani.

Katika majengo ya mwambao, upozaji wa hewa kwa kawaida ndio mlaji mkubwa wa umeme kuliko taa, kompyuta na lifti. Hata hivyo ni suala linaloachwa hadi mwisho wa ujenzi, wakati fedha zimepungua na mwenye jengo anataka kitu cha bei nafuu. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu ya mgawanyo wa majukumu uliozoeleka: mwenye jengo ndiye anayechagua mfumo, mpangaji ndiye anayelipa umeme. Anayeokoa fedha siku ya ununuzi siye anayezipoteza kila mwezi kwa miaka 15 inayofuata.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua sakafu za ofisi zenye jumla ya mita za mraba 1,000, na tuseme kila mita moja inahitaji wati 150 za ubaridi saa ya joto kali. Mahitaji yote ni kilowati 150 za ubaridi, yaani takriban tani 43 kwa lugha ya mafundi. Mfumo hafifu unaotoa kilowati tatu za ubaridi kwa kila kilowati moja ya umeme utavuta kilowati 50. Mfumo bora unaotoa kilowati nne na nusu utavuta 33 hivi.

Mashine hazifanyi kazi kwa nguvu zote saa zote, hivyo tukadirie asilimia 60, kwa saa 10 za siku na siku 22 za mwezi. Mfumo wa kwanza utatumia yuniti 6,600 kwa mwezi na wa pili yuniti 4,400. Tofauti ni yuniti 26,400 kwa mwaka. Tukichukua Sh 300 kwa yuniti kuwa bei ya mfano, ni Sh 7,920,000 kila mwaka, na zaidi ya Sh milioni 118 katika miaka 15. Hapo hatujagusa mafuta ya jenereta wala matengenezo.

Kwa mantiki hiyo, swali la kwanza la mwenye jengo lisiwe "kiyoyozi gani ni bei rahisi", na la mpangaji lisiwe kodi ya pango peke yake. Mpangaji mwenye busara huuliza bili ya umeme ya mwaka uliopita ya ghorofa anayotaka kukodi, kabla hajatia saini.

Hesabu huanza kabla ya mashine

Neno "tani" linalotumiwa na mafundi halihusiani na uzito wa kiyoyozi. Ni urithi wa enzi za barafu: tani moja ni ubaridi unaopatikana kwa kuyeyusha tani moja ya barafu, kwa kipimo cha Marekani, katika saa 24. Ni sawa na BTU 12,000 kwa saa, namba ambayo kila mwenye duka la viyoyozi Kariakoo anaitaja bila kufikiri.

Namna inayotumika zaidi mitaani ni fundi kupima chumba kwa hatua, kuzidisha kichwani na kutaja idadi ya BTU. Kwa chumba kimoja cha kulala njia hiyo haina madhara makubwa. Kwa jengo la biashara ni kamari, kwa sababu ukubwa wa sakafu ni sehemu tu ya hesabu. Mtu aliyekaa ofisini hutoa joto la wati 100 hadi 130, kwa hiyo ukumbi wa mikutano wa watu 80 una jiko la zaidi ya kilowati nane hata kabla taa hazijawashwa. Benki yenye foleni, mgahawa wenye jiko la wazi na chumba cha mitambo ya kompyuta vina mahitaji tofauti kabisa hata vikiwa na ukubwa sawa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii ni kwamba kiyoyozi kikubwa kupita kiasi ni kibaya kama kidogo. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ina unyevu mwingi, na kazi ya kiyoyozi ni kupunguza joto na kukausha hewa. Mashine kubwa mno hushusha joto haraka, ikajizima kabla haijakausha chochote. Matokeo yake ni chumba chenye baridi ya pangoni: watu wanajifunika mitandio, karatasi zinalegea na ukungu unaota nyuma ya makabati.

Unyevu ndio uliozaa teknolojia yenyewe. Mwaka 1902, mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya unyevu na kuharibu rangi. Faraja ya wafanyakazi haikuwa sababu.

Kabla ya kuhesabu tani, mhandisi mzuri hutazama kuta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la asubuhi na la alasiri hupiga moja kwa moja kuta za mashariki na magharibi, wakati kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kukingwa kwa kivuli kifupi cha zege. Wachoraji wa majengo ya katikati ya jiji ya miaka ya 1950 na 1960 walilielewa hilo. Ndiyo maana mengi ya majengo hayo yana mapezi ya zege mbele ya madirisha na varanda pana. Mtindo uliofuata wa kuvika jengo zima vioo vya rangi, hata upande wa magharibi, ulibadilisha kivuli cha bure kwa ubaridi wa kununua.

Si kila mji una hesabu moja. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina ofisi nyingi zinazoendesha shughuli kwa madirisha yaliyofunguliwa. Huko Harare, jengo la biashara la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996, kazi ya msanifu Mick Pearce, linasifiwa kwa kupozwa na hewa ya usiku kwa mfano wa kichuguu, bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Wazo hilo hutajwa mara kwa mara katika semina za hapa nchini, lakini linategemea usiku wa baridi wa nyanda za juu. Usiku wa kaskazi mjini Dar es Salaam hauna baridi hiyo ya kuhifadhi.

Dodoma ni suala jingine. Mji huo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na una miezi mirefu ya ukavu, hivyo mashine za kupoza kwa mvuke wa maji, ambazo hutumia umeme kidogo sana, zinaweza kufaa katika karakana, maghala na kumbi. Mashine hiyohiyo ikiletwa Dar es Salaam huongeza unyevu katika hewa ambayo tayari imelowa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo mengi yamejengwa huko, na hakuna sababu ya kunakili michoro ya Posta au Upanga.

Aina zilizopo

Viyoyozi vya dirishani vimebaki kwa vibanda na ofisi ndogo. Kwa jengo jipya havistahili mjadala mrefu.

Kiyoyozi cha vipande viwili, maarufu kama spliti, ndicho kinachotawala. Sifa zake ni za kweli: bei ya kuanzia ni ndogo, kila mpangaji hulipia chake kwenye mita yake ya LUKU, kikiharibika kimoja vingine vinaendelea, na mafundi wanapatikana kila mtaa. Kwa jengo la ghorofa mbili au tatu lenye vyumba vidogo, huenda hakuna haja ya kitu kingine, ilimradi mwenye jengo atenge mapema mahali pa mashine za nje na bomba la pamoja la kukusanya maji.

Kasoro zake huonekana jengo likiwa refu. Mashine za nje zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye kishubaka chembamba, hewa ya moto ya ghorofa ya pili hupanda na kuvutwa na mashine ya ghorofa ya tatu, na kuendelea. Ndiyo sababu wapangaji wa juu hulalamika kwamba mashine zao mpya "hazina gesi", fundi akaitwa kuongeza gesi isiyohitajika.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho. Spliti ya kawaida haileti hewa mpya. Huzungusha ileile iliyomo chumbani. Ofisi iliyofungwa madirisha kuanzia asubuhi, ikiwa na watu 20, inavuta pumzi za watu 20 hadi jioni. Janga la UVIKO-19 mwaka 2020 liliwakumbusha watu jambo hili, ingawa wengi wamekwisha kulisahau. Viwango vya kitaalamu vya ofisi hutaka takriban lita 8 hadi 10 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu, na ni lazima iletwe na feni na mikondo yake. Makisio ya bei yasiyo na mstari wa hewa mpya hayajakamilika, na ndiyo maana huwa nafuu.

Kwa maduka makubwa, kumbi na makanisa, mashine za juu ya paa zinazosambaza hewa kwa mikondo ya bati ni chaguo la kati: zinaleta hewa mpya, na fundi huzifikia bila kusumbua wateja. Mikondo hiyo inahitaji nafasi juu ya dari, kwa hiyo urefu wa ghorofa hupangwa nayo.

Ushindani halisi kwa majengo ya ghorofa nyingi uko kati ya mifumo miwili. Wa kwanza ni ule unaoitwa kwa kifupi VRF, uliobuniwa Japani na kampuni ya Daikin mwaka 1982. Kundi moja la mashine za nje, kwa kawaida juu ya paa, hupeleka gesi kwa mabomba ya shaba hadi kwenye makumi ya vipozeo vya ndani, na kompresa zake huongeza au kupunguza kasi kulingana na vyumba vinavyotumika. Wakili anayefanya kazi Jumamosi peke yake hupozwa peke yake. Mfumo unaweza pia kugawa gharama za umeme kwa kila mpangaji.

Udhaifu wake kwa mazingira yetu ni wa aina tatu. Gesi nyingi huzunguka ndani ya jengo kupitia mamia ya maungio, na kuvuja kwake katika chumba kidogo kunaweza kupunguza hewa ya kupumua, hivyo kiasi cha gesi lazima kilinganishwe na ukubwa wa chumba. Kadi zake za kielektroniki haziupendi umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo vifaa vya kulinda fezi si vya kujadiliwa. Aidha, mfumo mzima unamfunga mnunuzi kwa kampuni moja: kadi ikiungua, haitapatikana kwa jirani.

Wa pili ni mtambo wa kupoza maji, ambao mafundi huuita chila. Maji baridi husukumwa kwa pampu hadi kila ghorofa, na gesi hubaki chumba cha mitambo au juu ya paa. Kwa hospitali, hoteli kubwa na majengo marefu yanayotumika mchana kutwa, ni vigumu kuushinda. Chila inayopozwa kwa maji inaweza kutoa kilowati tano au sita za ubaridi kwa kila kilowati moja ya umeme wa mtambo wenyewe. Inayopozwa kwa hewa hutoa karibu tatu mchana wa joto.

Tofauti hiyo ina bei yake, nayo ni maji. Mnara wa kupozea hupoteza maji kwa mvuke kila saa, na Dar es Salaam ilishuhudia mgawo wa maji mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Mnara usiotunzwa ni hatari kwa afya pia. Mwaka 1976, katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, watu wasiopungua 29 waliohudhuria mkutano wa wanajeshi wastaafu walifariki kwa nimonia iliyosababishwa na bakteria aliyekuwa hajulikani, ambaye baadaye aliitwa Legionella. Bakteria huyo hustawi katika maji ya vuguvugu na husambaa kwa matone madogo. Mwenye jengo asiye na bajeti ya dawa na mtu wa kupima maji ni afadhali achague chila ya kupozwa kwa hewa, akubali bili kubwa kidogo.

Kosa la kawaida katika chila ni kununua moja kubwa. Mbili au tatu ndogo hugharimu zaidi, lakini moja ikisimama jengo halisimami. Vilevile chumba cha mitambo ya kompyuta, kinachohitaji ubaridi saa 24, kipewe mfumo wake, vinginevyo chila nzima itawashwa usiku kucha kwa ajili ya chumba kimoja.

Gesi, umeme na chumvi

Kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine kinataja aina ya gesi, na ndicho cha kusomwa kwanza. R-22, iliyotumika kwa miongo mingi, inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Kwa nchi zinazoendelea, matumizi ya kundi lake yalitakiwa kupunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Anayefunga leo mashine ya R-22, hasa ya mtumba iliyouzwa kwa bei ya kutupa, ananunua mashine itakayokosa gesi kabla haijachakaa.

Gesi zilizoifuata haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. R-410A, iliyomo katika mifumo mingi ya VRF, ina nguvu ya kuongeza joto mara 2,088 ya hewa ya ukaa, kwa uzito ule ule. Marekebisho ya mkataba yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yanazibana gesi hizo pia: nchi nyingi za Afrika zilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029 na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. R-32, yenye nguvu ya 675, imeshika sehemu kubwa ya soko la spliti. Inaweza kushika moto, japo kwa shida, kwa hiyo si gesi ya kuachiwa fundi anayevuta sigara akiwa kazini.

Kuhusu umeme, kumbukumbu za mgawo wa mwaka 2006, 2011 na 2023 bado hazijafutika, hata baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha mwaka 2024. Jengo bado linahitaji jenereta, na ukubwa wa jenereta huamuliwa kwa sehemu kubwa na kompresa zinavyowaka. Mashine za kizamani huvuta umeme mwingi ghafla zinapoanza. Zenye inveta huanza taratibu, na zinaweza kumwezesha mwenye jengo kununua jenereta ndogo. Wateja wakubwa wa TANESCO hutozwa pia kwa kilele cha matumizi yao, hivyo jengo linalowasha mashine zote saa mbili na nusu asubuhi hulipia dakika hizo kwa mwezi mzima.

Chumvi ni adui wa kimyakimya. Masaki, Msasani na Kivukoni, upepo wa bahari hula mapezi ya alumini ya mashine za nje hadi yakawa unga. Mkataba utamke kwamba koili zimepakwa dawa ya kuzuia kutu tangu kiwandani, na ratiba ya kuziosha kwa maji baridi iandikwe.

Halafu kuna kidhibiti joto. Mwaka 2005 Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz, ikitaka ofisi ziwekwe nyuzi 28 na wafanyakazi wavue tai. India iliagiza viyoyozi vipya vya vyumbani vyenye lebo ya nyota vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24 kuanzia mwaka 2020, mamlaka zake zikikadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezwa huokoa takriban asilimia 6 ya umeme. Kwetu bado kuna mameneja wanaoweka nyuzi 17 ili waweze kuvaa suti ya sufu.

Kabla ya kutia saini

Usanifu wa mfumo mkubwa ufanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na ufungaji ufanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Ni vyema msanifu asiwe muuzaji wa mashine, maana muuzaji wa spliti ataona kila jengo linahitaji spliti. Wazabuni wote wapewe hesabu moja ya mahitaji na watakiwe kutaja bei ya mfumo pamoja na makisio ya umeme, matengenezo na vipuri kwa miaka 15. Mzabuni wa bei ndogo mara nyingi hushuka nafasi katika jedwali hilo.

Malipo ya mwisho yazuiliwe hadi mfumo upimwe jengo likiwa na watu, ikiwezekana katika msimu wa joto. Mfumo uliopokelewa Julai haujajaribiwa. Mwenye jengo apewe michoro ya mabomba jinsi yalivyofungwa, maana fundi wa miaka kumi ijayo hatakuwa huyu.

Lililobaki ni la fundi mwenyewe. Katika majengo mengi, mashine ya ghorofa ya sita hufikiwa kwa mtu kutoka dirishani na kusimama juu ya chuma kilekile kinachobeba mashine, akishikwa mkono na mwenzake. Kila mashine inayohitaji kusafishwa mara nne kwa mwaka inamtoa mtu nje ya ukuta mara nne. Jukwaa dogo la zege, mlango wake na ndoano za kufungia mkanda huchorwa kwenye ramani ya jengo kabla nguzo hazijamwagwa zege.